Anko Vito Anajibu: Spineli ya Pinki na Zambarau, Usije Ukauziwa Jina

Meseji za mwezi huu karibu zote zimeangukia jiwe moja, spineli, sijui ni harusi za mwisho wa mwaka au ni zile picha zinazozunguka kwenye simu za watu. Nimechagua chache. Kwa wageni wa ukurasa huu, mi ni sonara, mawe nakaa nayo mezani kila siku ila sio profesa wa miamba, kwahiyo nitawajibu kama ninavyomjibu mteja aliyekaa kwenye stuli pale mbele yangu.

Anko shikamoo. Mi nafunga ndoa mwezi wa kumi na mbili, mchumba wangu kasema almasi hataki, anataka jiwe la rangi, pinki au ile pinki inayoelekea zambarau. Duka moja nimeonyeshwa spineli mbili zenye saizi sawa. Moja pinki kali, muuzaji anasema ni ya Mahenge, bei yake imenitoa jasho. Nyingine ni zambarau imepoa kidogo, bei karibu nusu. Tofauti ni nini na nichukue ipi? Bwana Harusi, Tabata

Marahaba Bwana Harusi, na hongera kwa kupata mchumba anayejua anachotaka, wengi wanaletwa dukani hawajui hata wapende rangi gani.

Tuanze na hilo neno Mahenge maana ndo limekutoa jasho. Mahenge ni mji wa milimani wilaya ya Ulanga, mkoa wa Morogoro, unafika Ifakara unavuka mto Kilombero, zamani ilikuwa kivuko siku hizi daraja, afu unaanza kupanda. Mawe yalikuwa yanatoka huko miaka mingi tu lakini dunia ilishtuka 2007, pale Ipanko, yalipotoka mapande makubwa ajabu, kuna moja lilizidi kilo 50. Sio lote lilikuwa safi la kukatwa, sehemu kubwa ilikuwa na nyufa, ila zile sehemu safi zilitoa mawe ya pinki inayoelekea wekundu yanayowaka hata ukiyaweka kivulini, na toka hapo mnunuzi wa Bangkok au Geneva akisikia Mahenge anakaa sawa. Kwahiyo jina lina thamani yake, sikatai. Shida ni kwamba jina halina leseni, mtu yeyote anaweza kulitamka. Mawe ya pinki yanatoka pia Matombo hukohuko Morogoro, yanatoka Tunduru, yanatoka Myanmar, Vietnam, Tajikistan, na kwa macho matupu hakuna sonara atakayekwambia kwa uhakika hili la wapi, mimi nikiwemo.

Kinacholeta rangi ni kitu kidogo sana ndani ya jiwe. Spineli tupu haina rangi, ni magnesiamu, aluminiamu na oksijeni tu. Ikiingia kromiamu inakuwa pinki mpaka nyekundu, ikiingia chuma inavutwa kwenye bluu na zambarau, vyote viwili vikikutana ndo unapata ile rangi ya katikati anayoitaka bibi harusi. Chuma kikizidi jiwe linapoa, linaingia ukijivu. Hiyo uliyoona wewe "imepoa kidogo" ndo hiyo.

Sasa kabla hujatoa hela fanya hivi. Mwambie muuzaji akutolee mawe yote mawili nje ya zile taa za kabati. Zile taa zimewekwa makusudi, jiwe lolote chini yake linacheka. Liweke katikati ya vidole viwili kwa upande wa mgongo wa mkono, yaani pale pete itakapokaa, usimame mlangoni kivulini sio juani, utazame. Afu rudi ndani kwenye taa ya njano ya kawaida utazame tena. Pinki ya kromiamu mara nyingi inabaki na uhai pote pote. Zambarau inaweza kubadilika, mchana ina ubluu kidogo usiku inakuja upinki, na hapo ni wewe na mchumba mnapenda ipi. Tena mlete mwenyewe aone, surprise za jiwe la rangi zimeshanirudishia pete nyingi mezani.

Kitu cha pili, liweke jiwe juu ya gazeti uso ukiangalia juu. Ukiweza kusoma herufi katikati ya jiwe basi limekatwa bapa, sisi tunasema lina dirisha, mwanga unapita badala ya kurudi kwenye jicho. Mkataji kafanya hivo ili asipoteze uzito, na wewe unalipia uzito usiong'aa. Jiwe la karati 1.8 (karati ndo kipimo cha uzito wa mawe) lililokatwa vizuri linapendeza kuliko la 2.3 lenye dirisha na ni rahisi zaidi.

Ukiniuliza mimi, na hii ni ladha yangu, kama hiyo zambarau haina dirisha na haijawa ya kijivu kabisa, ningechukua hiyo. Watu wanakimbilia pinki inayowaka, wanaacha zile rangi za ulimi wa mtoto aliyetoka kula zambarau, na ukiwa na bajeti ya bwana harusi hapo ndo pa kununulia. Ila kama mchumba akiona ile pinki macho yanamtoka, ndugu yangu, jikaze tu.

Anko habari za kazi. Mi ni dereva, nilikuwa napita Ifakara kijana akanifuata stendi akaniuzia jiwe ghafi la pinki gramu 4, akasema ni spineli ya mgodini kabisa na nikilikata nauza mara kumi. Nimekaa nalo miezi mitatu. Nitajuaje kama ni lenyewe? Suka, Morogoro

Salama Suka. Kwanza hiyo "mara kumi" ndo ingekushtua, manake kama angeweza kuuza mara kumi angekuwa anakuuzia wewe stendi kwa nini?

Tafuta tochi ya yuvii, ile ya kukagulia noti bandia, zinauzwa bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya simu. Ingia chumba chenye giza, limulike. Spineli ya pinki yenye kromiamu ya kutosha inawaka wekundu kama kaa la moto, sio ule mwanga wa tochi kurudi, ni jiwe lenyewe linatoa mwanga. Mara ya kwanza ukiona utasema wamekuwekea betri. Garneti ya pinki, jiwe jingine linalofanana nayo, haiwaki, chuma chake kinazima. Kioo nacho hakiwaki wekundu wa namna hiyo, kikiwaka mara nyingi ni ukijani fulani au weupe wa chaki. Ila usikimbilie kushangilia, spineli ya kiwandani nayo inaweza kuwaka, rubi nayo inawaka, kwahiyo tochi inakwambia "yawezekana", haikwambii "ndiyo". Angalia na umbo. Spineli ikikua vizuri inakuwa kama piramidi mbili zimegundishwa matako kwa matako, nyuso nane. Kipande cha duara laini chenye vipovu ndani mwanangu hicho ni kitako cha chupa.

Usilikwaruze kwenye kioo kujaribu ugumu. Vitu vingi vinakwaruza kioo, hata kwatzi, yale mawe ya kawaida ya barabarani, inakwaruza, na kama ni spineli kweli utakuwa umejiharibia pembe bure.

Na hesabu uiweke sawa. Gramu 1 ni karati 5, kwahiyo una karati 20 ghafi. Zikiingia kwenye jiwe la kusagia zaidi ya nusu mara nyingi inaishia kuwa unga, na kama lina nyufa unaweza kutoka na vijiwe vitatu vya karati moja moja. Mtu akikupigia hesabu ya ghafi kama vile yote itakuwa jiwe, huyo hesabu anazijua vizuri sana ila hataki wewe uzijue.

Sio kwamba nakucheka, yaliwahi kunikuta. Miaka ile najifunza, nimekaa barazani kwa gesti moja huko juu, saa moja jioni, chai ya rangi mkononi, jamaa kafungua karatasi nyeupe iliyokunjwa kunjwa, ndani kuna vijiwe kama kumi na mbili pinki tamu, balbu ya njano juu yetu. Nikanunua vyote nisije nikapitwa na mwenzangu aliyekuwa chumba cha pili. Asubuhi nafungua pale pale barazani, pinki imekimbia, vimekuwa rangi ya maji ya kuoshea vyungu. Vilikuwa spineli kweli, hakuna aliyenidanganya jina, ila ile pinki ilikuwa ya balbu. Toka siku hiyo jioni sinunui kitu, hata mtu alie.

La mwisho Suka, na hili ni zito kuliko tochi. Kushika na kuuza madini bila leseni ni kosa Tanzania, sio mchezo. Toka 2019 yamefunguliwa masoko ya madini mikoani, unamkuta dila na broka mwenye leseni ya Tume ya Madini, jiwe linapimwa, risiti inatoka. Hilo la stendi nenda ofisi ya madini ukaulize namna ya kulihalalisha kabla halijakuletea maneno kizuizini.

Shikamoo mjomba. Nilinunua pete hapa Mombasa, nikaambiwa ni spineli ya zambarau, nikalipa bei ya spineli. Juzi fundi mwengine akanambia hii ni rodolaiti. Nimeibiwa ama? Mama Twins, Mombasa

Marahaba mama. Jiwe hujaibiwa, bei ndo huenda umeibiwa.

Rodolaiti ni garneti, na kwa hizo rangi za pinki nzito kwenda zambarau ni jirani mno na spineli. Tena inatoka jirani yako hapo, Taita Taveta, na upande wa pili wa mpaka bonde la Umba mkoa wa Tanga. Ni jiwe zuri, haliunguzwi moto kuongezewa rangi, mi mwenyewe nalivaa. Lakini linapatikana kwa wingi zaidi kwahiyo kwa karati bei yake iko chini ya spineli nzuri, na hapo ndo mchezo unapochezwa.

Namna ya kutenganisha nyumbani: chukua sumaku ya nguvu, zile ndogo za kung'aa kama fedha zinazotoka kwenye spika au hadi diski mbovu ya kompyuta. Lakini jiwe lazima liwe limetolewa kwenye pete, manake pete inaweza kuwa na chuma chake. Weka jiwe juu ya kipande cha foamu ya plastiki au kizibo kinachoelea kwenye bakuli la maji, sogeza sumaku taratibu bila kugusa. Rodolaiti inaifuata sumaku, utakiona kizibo kinatembea. Spineli ya pinki inakaa ilivyo. Ile ya zambarau nzito yenye chuma inaweza kuvutika kidogo sana, kwahiyo angalia kasi. Na ile tochi niliyomwambia Suka nayo itakusaidia.

Mengine yanayouzwa kwa jina la spineli ukikuta rangi hizi: turmalini, ukiitazama kwa lenzi ya mara 10 kupitia uso wa juu utaona mistari ya chini imekuwa miwili miwili kama mtu aliyevaa miwani isiyo yake, spineli mistari yake ni mmoja mmoja siku zote. Amethisti, hiyo ni nyepesi, kwa saizi ile ile spineli ina uzito mkubwa zaidi kwa kama theluthi. Kunzaiti, hii ya pinki ya zambarau iliyopauka, nzuri sana kwenye kidani lakini kwenye pete mimi sikushauri, inapasuka kirahisi ikigongwa vibaya na rangi inaweza kufifia ukiiachia jua. Safaya ya pinki ndo ngumu kutenganisha kwa macho, ila safaya ukiigeuza geuza inaonyesha rangi mbili, spineli moja tu.

Rudi kwa aliyekuuzia na risiti. Kama risiti imeandikwa "spineli" una pa kusimamia. Kama imeandikwa "pete ya jiwe" tu, mama, hapo ni maongezi na upole.

Assalaam alaykum mjomba. Niko Muscat, nimeletewa video ya spineli ya karati 6, rangi tamu, mwenye nayo anasema ana cheti. Nitume pesa? Bint Salim

Wa alaykum salaam bint. Usitume kwanza.

Video ya jiwe ni kama picha ya pilau. Simu nyingi zinavuta zambarau kwenda kwenye bluu na pinki zinaizidishia chumvi, na jiwe likizungushwa chini ya taa nyeupe kali halionyeshi pale linapokufa. Mwombe video nyingine, jiwe likiwa mkononi mwa mtu karibu na dirisha mchana, bila kuzungusha haraka, na karatasi nyeupe pembeni ili ujue simu imepotosha rangi kiasi gani. Asiyetaka kukufanyia hivyo kwa jiwe la karati 6 ana sababu.

Cheti sasa. Kuna cheti cha duka, hicho ni karatasi nzuri yenye mhuri, na kuna ripoti ya maabara zinazoaminika kama GIA, Gübelin au SSEF. Ukiletewa ripoti chukua namba yake uiangalie mwenyewe kwenye tovuti ya maabara, usibonyeze linki aliyokutumia yeye. Afu soma vitu vitatu tu. Cha kwanza inasema ni ya asili, sio ya kiwandani. Spineli za kiwandani zipo toka mwanzoni mwa karne iliyopita, ni safi mno ndani, na huwa nashtuka nikiona jiwe kubwa lisilo na hata doa. Cha pili kuhusu moto. Spineli nyingi haziunguzwi na ndo sifa yake mbele ya rubi na safaya, ila zipo zilizopitishwa kwenye moto, nyingine za hukuhuku kwetu, kwahiyo isomwe. Cha tatu asili ya nchi, na hapo ujue maabara inatoa maoni yake ya kitaalam, maabara mbili zinaweza zisikubaliane. Nyongeza ya bei kwa ajili ya neno "Tanzania" ilipe tu kama ripoti imelisema.

Na karati 6 bint, ujue bei haipandi kwa mstari mnyoofu. Kama la karati 2 lingekuwa dola 300 kwa karati, huo ni mfano tu, la 6 la rangi ile ile halitakuwa 300 mara sita, kila karati yake inakuwa ghali zaidi kwa sababu mawe makubwa safi ni machache. Ndo maana ukiletewa kubwa, safi, rangi tamu na bei ya kawaida, mmoja kati ya hao wanne anadanganya.

Anko eti ile rubi ya kwenye taji la wafalme wa Uingereza ni spineli? Tumebishana kijiweni. Mbishi, Mwanza

Ni spineli. Ile nyekundu kubwa ya mbele inaitwa Black Prince's Ruby, kama karati 170, na kuna nyingine ya karati zaidi ya 350 inaitwa Timur Ruby, nayo spineli, imechongwa majina ya waliowahi kuimiliki. Zamani kila jiwe jekundu lililong'aa lilikuwa rubi, mpaka 1783 Mfaransa Romé de l'Isle alipoonyesha ni mawe mawili tofauti. Kalipwe soda yako.

Mjomba mi nakuja likizo toka Minneapolis, nataka nibebe spineli mbili tatu zisizo na pete nikachongeshe huku. Airport watanisumbua? Dada wa Ughaibuni

Ukibeba kimya kimya kwenye pochi, ndiyo, na watakuwa na haki. Mawe yasiyo na pete yanatoka nchini kwa kibali. Nunua kwa dila mwenye leseni, mwambie mapema unasafiri nayo, yeye ndo anajua njia: yanathaminishwa na ofisi ya madini, kuna mrabaha na ada ya ukaguzi, yanafungwa unapewa makaratasi. Usifanye hiyo kazi siku ya ndege. Wateja wangu wawili watatu wameniletea sanduku liko mlangoni na teksi inanguruma eti niwasaidie kibali.

Kama huna haja ya kuchongeshea huko, chonga pete hapa, safiri nayo kidoleni na risiti kwenye pochi, mambo yanakuwa mepesi na fundi wa hapa naye anakula.

Anko nasafishaje pete ya spineli, naruhusiwa kutumia jiki? Mama Ntilie, Dodoma

Jiki hapana, sio kwa ajili ya jiwe ni kwa ajili ya dhahabu, itaila. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo matone mawili, mswaki laini wa mtoto, upige sana upande wa nyuma ya jiwe maana huko ndo mafuta ya kupikia yanajificha na jiwe linaonekana limekufa kumbe ni samli tu. Ugumu wake ni 8, vumbi la kawaida lina kwatzi ambayo ni 7, kwahiyo kwa kazi zako inavumilia kuliko amethisti. Ila ukiwa unakanda chapati ivue, unga ukiingia chini ya zile kucha zinazoshika jiwe hautoki leo. Na ukija kuniletea niipunguze saizi njoo jioni, asubuhi kidole kinakuwa kimesinyaa, nikikupimia saa hiyo mchana utaniita mwizi.